Madaftari Mawili

Kwa miezi kadhaa, kila asubuhi, dakika moja hivi baada ya kutia dawa ya macho, nilikuwa nikihisi uchungu mdogo ukiteremka nyuma ya koo, kama wa mtu aliyemeza klorokwini kwa maji yasiyotosha. Sikulitilia maanani jambo hilo. Nilikunywa chai, uchungu ukaisha, nikaenda kazini. Leo najua kwamba uchungu ule ulikuwa dawa yenyewe ikihama jichoni na kuingia mwilini, na kwamba lau ningalimwuliza mtu mmoja tu aliyesomea mambo hayo, huenda nisingalianguka usiku ule mlangoni mwa choo.

Nimefanya kazi ya ukarani wa forodha hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, kwa zaidi ya miaka 25. Marehemu baba alikuwa fundi wa reli mjini Tororo, nasi tukalelewa katika nyumba za reli, ambamo Mteso, Mjapadhola, Msamia na jirani aliyetoka upande wa Kenya walielewana kwa Kiswahili. Kazi yangu ni ya macho na kumbukumbu. Lori linapopanda kutoka Mombasa, mimi huhakikisha kwamba nambari ya kontena iliyo kwenye hati ndiyo iliyoandikwa ubavuni mwa kontena lenyewe, kwamba kila bidhaa imewekwa chini ya kifungu chake cha ushuru, na kwamba shehena moja haijaandikishwa mara mbili kwa majina mawili. Hilo la mwisho nalitaja makusudi, kwa kuwa kosa nililozoea kuwakamatia wengine ofisini ndilo lililokuwa likitendeka mwilini mwangu, nami sikulitambua.

Presha yangu iligunduliwa mwaka 2016. Wahudumu wa afya walikuja mpakani kupima madereva bila malipo, nami nikajipanga kwenye foleni kwa mzaha tu. Kipimo kilisoma 168 kwa 104. Nilipimwa tena mara mbili katika wiki zilizofuata, na hali ikawa ileile, ndipo nikaanzishiwa kidonge cha atenololi cha miligramu 50, kimoja kila asubuhi. Kama ilivyo desturi yetu Uganda, nilinunua daftari la shule, lenye jalada la bluu, daktari akaandika humo, na kila mwezi nikawa narudi nalo. Baada ya miezi mitatu presha ilikuwa imeshuka hadi 138 kwa 86, nikajiona nimepona. Kidonge kile kikawa kama chumvi mezani: kipo, hukifikirii, na jina lake halikai kichwani.

Habari ya macho ilianza kwa namna iliyonidanganya kabisa. Nilikuwa bado nasoma maandishi madogo kuliko vijana wa ofisini, na kwa hiyo, mtu angaliniambia kwamba naelekea upofuni, ningalimcheka. Kilichokuwa kikinisumbua ni upande wa kushoto. Niliangusha vikombe vya chai vilivyokuwa mkono wa kushoto. Bodaboda walinipigia honi kwa hasira, kana kwamba wametokea ardhini. Siku moja mwenzangu wa kazi alisimama kando yangu, mkono ameunyosha kunisalimu, akangoja, akaurudisha mfukoni, na jioni nikasikia anawaambia watu kwamba siku hizi nina majivuno. Sikuwa nimemwona.

Katikati ya mwaka 2019 nilikwenda kwenye kliniki ya macho katika mji mkubwa zaidi, nia yangu ikiwa kupata miwani tu. Daktari aliniwekea kipimo kwenye jicho lililotiwa ganzi, akapima la kulia, akapima la kushoto, kisha akarudia. Jicho la kulia lilikuwa na shinikizo la 29 na la kushoto 33, wakati kiwango cha kawaida ni kati ya 10 na 21. Kisha akaniuliza swali lililonirudisha mbali: “Mzee, katika ukoo wenu yupo aliyepofuka?”

Yupo. Mama alifariki akiwa haoni. Kwa miaka yake ya mwisho tulimshika mkono kumpeleka uani, na sote tulisema ni uzee, kwa sababu hakulalamika maumivu. Daktari aliponieleza glakoma ni nini, nilikuwa namsikiliza nusu kwa ajili yangu na nusu kwa ajili ya mama. Ndani ya jicho, alisema, hutengenezwa majimaji mchana na usiku, nayo hutoka kupitia kichujio kidogo kilicho pembeni, pale sehemu nyeusi na nyeupe zinapokutana. Kichujio kikianza kugoma, majimaji hulundikana, shinikizo hupanda, na neva inayopeleka picha ubongoni hunyauka polepole, ikianzia kwenye picha za kando. Aina hii, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi kwetu Waafrika, haiumi wala haileti wekundu, na sehemu ya uoni iliyokwisha kupotea hairudishwi na dawa wala upasuaji. Kinachowezekana ni kulinda iliyobaki. Ndugu wa damu wa mgonjwa wamo hatarini zaidi kuliko watu wengine.

Hapa niseme jambo ambalo limewachanganya wengi ninaozungumza nao. Sisi huita ugonjwa mmoja presha na mwingine presha ya macho, na kwa hiyo watu hudhani kwamba ni kitu kimoja kilichopanda hadi kichwani. Sivyo. Mtu anaweza kuwa na presha ya damu iliyotulia na glakoma kali, au kinyume chake, maana shinikizo la jicho ni la majimaji yale ya ndani ya jicho, si la damu mishipani. Ajabu ni kwamba, ingawa magonjwa ni mawili, ipo familia moja ya dawa inayotumika kwa yote mawili, na huo ndio mtego nilioingia.

Daktari wa macho aliniuliza vizuri, sitaki kumsingizia. Aliniuliza kama nina pumu, nikasema sina. Aliniuliza kama nina ugonjwa wa moyo, nikasema sina, kwa kuwa presha sikuihesabu kuwa habari ya moyo. Aliniuliza kama natumia dawa nyingine, nikamjibu kwamba natumia kidonge cha presha. Alipotaka jina lake, sikulikumbuka, na daftari la bluu lilikuwa limebaki nyumbani Malaba. Foleni nyuma yangu ilikuwa imefika uani. Akaniambia nije nalo safari ijayo, akaniandikia matone ya timololi ya asilimia 0.5, tone moja kila jicho, asubuhi na jioni. Daftari la bluu halikuwapo, basi nikanunua jingine pale nje, la kijani. Safari iliyofuata nilikwenda na la kijani peke yake, kwa sababu nilikuwa nakwenda kwa daktari wa macho, na la kijani ndilo la macho. Mambo yalionekana dhahiri namna hiyo.

Mwezi wa pili wa matone, vidole vyangu vilianza kuwa baridi hata saa saba mchana, jua la Malaba likichoma. Kupanda ngazi za ofisi, ambazo hazifiki 20, kulinilazimu kusimama katikati nikijifanya natafuta kitu mfukoni. Nililala mapema na kuamka nimechoka. Nilipunguza maneno, nikapunguza na kicheko. Na kwa kuwa nimeamua kueleza yote, nieleze na hili: chumbani nikawa mtu wa kugeukia ukutani. Mke wangu alivumilia kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole kama kuna jambo alilonikosea. Nilimwambia ni umri. Wakati huo nilikuwa na miaka 54. Wanaume wengi, nadhani, wangalijibu vilevile, na wengine wangalikwenda kununua mizizi sokoni, jambo ambalo nami nililifikiria.

Nilizidisha mambo kwa ujinga wangu mwenyewe. Kila nilipotia tone moja nilihisi kama limepotea, nikatia la pili, na siku nyingine la tatu, nikiamini kwamba ninalisaidia jicho. Chupa ya mililita 5 iliyopaswa kunifikisha karibu na mwisho wa mwezi ilikuwa ikikauka kabla ya wiki mbili, nami nikamlaumu mwenye duka la dawa kwamba ananiuzia chupa zisizojaa.

Usiku mmoja katikati ya Machi 2020 niliamka kwenda haja ndogo. Nakumbuka mkono wangu ukitafuta kitasa cha mlango wa choo. Kilichofuata ninachokumbuka ni baridi ya saruji shavuni, ladha ya damu mdomoni, na sauti ya mke wangu ikiniita kutoka mbali, ingawa alikuwa amepiga magoti kando yangu.

Kulipokucha tulikwenda kituo cha afya cha karibu. Muuguzi wa zamu alikuwa mama wa makamo, mwenye saa ya mkononi aliyoigeuzia upande wa ndani wa kiganja. Hakukimbilia mashine. Alinishika kifundo cha mkono, akaitazama saa dakika nzima, hakusema neno, akahesabu tena dakika nyingine. “Mzee,” akasema, “moyo wako unapiga mara 44.” Kwa mtu mzima aliyepumzika, mapigo ya kawaida ni kati ya 60 na 100, wakimbiaji hodari huweza kuwa chini ya hapo, lakini mimi nilikuwa nashindwa na ngazi za ofisi. Presha ilikuwa 98 kwa 60. Akalisoma daftari la bluu, akaniuliza kama ipo dawa nyingine. Nikasema hakuna.

“Na ile ya macho?” mke wangu akauliza.

“Hiyo ni ya macho tu,” nikamjibu, kwa sauti ya mtu anayeona wanawake wanapoteza muda wa watu.

Sista alimtuma kijana wa bodaboda akailete. Ilipofika, aliiweka chupa kwenye meza, akaweka kando yake pakiti ya vidonge, akapitisha kucha yake chini ya majina. “Soma mwisho wa majina haya, Mzee.” Nikasoma: timololi, atenololi. “Hawa ni ndugu wa tumbo moja,” akasema. “Mmoja unamtia mdomoni, mwingine machoni, na wote wawili wanakutana moyoni.” Karani wa miaka yote ile, nilikuwa nimeandikisha shehena moja kwa majina mawili.

Daktari wa hospitali nilikopelekwa siku hiyohiyo, baada ya kunipima umeme wa moyo na kuona kwamba njia za umeme huo hazijaziba, alinieleza kwa undani zaidi. Dawa hizi huitwa vizuia beta. Mwili hutumia adrenalini kuuamrisha moyo upige mbio, na adrenalini hufanya kazi kwa kugusa vipokezi vilivyo juu ya chembe za mwili, mithili ya ufunguo na kitasa. Kizuia beta hukaa ndani ya kitasa na kuuzuia ufunguo usiingie. Kwenye moyo, mapigo hupungua na nguvu ya msukumo hushuka, na presha nayo hushuka. Kwenye jicho, sehemu inayotengeneza majimaji hupunguza kazi, na shinikizo la jicho hushuka. Kwenye mapafu ya mtu mwenye pumu, njia za hewa zinaweza kubana hadi akakosa pumzi, na ndiyo maana daktari wa macho aliuliza habari ya pumu kabla ya lolote.

Nikamwuliza tone dogo namna ile linafikaje moyoni. Akaniuliza kama huwa nahisi uchungu kooni. Kwenye kona ya ndani ya kila jicho, karibu na pua, kipo kitundu kinachopitisha machozi, na ndiyo sababu mtu akilia hutokwa na kamasi. Dawa ya macho hufuata njia hiyohiyo mpaka ndani ya pua, ambako ngozi ni laini na imejaa mishipa midogo ya damu, ikanywewa hapo. Timololi ikimezwa, sehemu yake kubwa huvunjwa na ini kabla ya kuzunguka mwilini. Ikipita puani hukwepa ini na kuingia katika damu moja kwa moja. Na jicho lenyewe haliwezi kushika hata tone moja zima, kwa hiyo yale matone yangu ya pili na ya tatu hayakulisaidia jicho hata kidogo. Yalikwenda yote puani na shavuni.

Baadaye nilijisomea habari za dawa hizi, maana mtu akiangushwa na kitu hutaka kujua kilikotoka. Mwanasayansi wa Uskoti aliyeitwa James Black ndiye aliyebuni propranololi, dawa ya familia hiihii, miaka ya 1960, akitafuta namna ya kuupunguzia moyo kazi kwa wagonjwa wanaobanwa na kifua, na mwaka 1988 akapewa Tuzo ya Nobeli pamoja na wenzake wawili. Matone ya timololi yaliidhinishwa Marekani mwaka 1978. Kabla ya hapo wagonjwa wengi wa glakoma walitumia pilokapini, mara nne kwa siku, dawa inayoibana mboni ya jicho hadi dunia ikaonekana yenye giza. Timololi ya mara mbili kwa siku ilikuwa nafuu kubwa, na mpaka leo, kwa kuwa bei yake ni ya chini, ndiyo inayopatikana katika miji midogo kama wetu. Siisemi vibaya. Imeyalinda macho yangu kwa sehemu yake.

Daktari alipanga hivi: tone la jioni nililiache, la asubuhi liendelee kwa uangalifu, kidonge nikikate nusu, na baada ya wiki mbili nirudi apunguze tena na kuanzisha dawa nyingine. Akasisitiza kwamba kidonge kisiachwe ghafla. Nilimsikia. Lakini katikati ya wiki hizo mbili mapigo yalipanda hadi 58, vidole vikapata joto, nikaanza kujiuliza kwa nini niendelee kumeza kitu kilichoniangusha. Ikawa serikali imesimamisha usafiri wa umma kwa sababu ya korona, na siku yangu ya kurudi ikanikuta sina gari la kunipeleka. Nikatupa pakiti nzima chooni.

Siku ya nne moyo ulianza kupiga kama ngoma ya mazishi, nimekaa tu. Jasho lilinitoka, kifua kikabana, na kichwa kikawa kinadunda nyuma ya masikio. Mwenyekiti wa kijiji aliandika barua, mwanangu akahangaika nayo hadi ofisi ya mkuu wa wilaya kutafuta kibali cha gari la mgonjwa, na saa hizo zote nilikuwa nimelala barazani nikitazama foleni ya malori iliyokuwa imesimama barabarani, madereva wakisubiri kupimwa korona. Tulipofika, presha ilikuwa 192 kwa 114. Mwili ambao vitasa vyake vimezibwa kwa muda mrefu, daktari aliniambia, huongeza vitasa vingine. Dawa ikiondolewa ghafla, adrenalini hukuta milango mingi kuliko zamani, yote iko wazi. Mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo anaweza kupata shambulio la moyo kwa namna hiyo. Hakunigombeza. Ningalifurahi zaidi kama angalinigombeza.

Nilirudishiwa atenololi kidogo, ikapunguzwa kwa wiki kadhaa huku nikianzishiwa amlodipini, dawa ya presha isiyo ya familia ile. Niliposoma baadaye nikagundua kwamba miongozo mingi ya sasa haianzi na vizuia beta kwa mtu mwenye presha tu, asiye na ugonjwa mwingine wa moyo, na kwamba zikitumiwa peke yake kwa Waafrika mara nyingi hazishushi presha sawasawa. Zina kazi yake kwa moyo ulioshindwa kusukuma damu, au moyo unaopiga ovyo, au baada ya shambulio la moyo, na huko mtu hapaswi kuzikataa kwa sababu ya hadithi ya karani wa Malaba. Amlodipini nayo ina lake. Jioni vifundo vya miguu yangu huvimba kidogo, soksi zikaacha alama.

Usafiri ulipofunguliwa nilikwenda kwa daktari wa macho nikiwa na madaftari yote mawili kwapani. Alipima: kulia 24, kushoto 27, juu ya kiasi alichokuwa akikipata kabla. Nikadhani ni kwa sababu ya lile tone la jioni nililoacha. Akafungua daftari la bluu, akalisoma kurasa nyuma hadi mwaka 2016, akatikisa kichwa. Atenololi yangu, kumbe, ilikuwa ikishusha shinikizo la macho nayo pia, kwa sababu kidonge cha familia hii hufika jichoni kama tone linavyofika moyoni. Maana yake ni kwamba zile 29 na 33 za siku ya kwanza zilipimwa mtu akiwa tayari ndani ya dawa, na huenda hali halisi ilikuwa mbaya zaidi. Tena, mtu akiwa anameza kizuia beta, tone la kizuia beta humwongezea faida ndogo jichoni na hatari kubwa mwilini. Kila daktari alikuwa amefanya hesabu sahihi kwa nusu ya tarakimu.

Sasa natia timololi asubuhi tu, na usiku natia latanoprosti, ambayo si ya familia ile na kazi yake ni kuyafungulia majimaji njia ya kutoka. Tone la timololi la usiku daktari wa macho hakulitaka tena, kwa sababu usingizini jicho lenyewe hupunguza kutengeneza majimaji, hivyo dawa haina kubwa la kufanya, ilhali presha ya damu nayo hushuka usiku, na ikishushwa zaidi neva ya jicho inaweza kukosa damu ya kutosha. Latanoprosti ni ghali, na chupa isiyofunguliwa hutakiwa kukaa kwenye jokofu. Umeme wetu unajulikana, basi nanunua chupa moja moja, na siku ninayoifungua naandika tarehe kwa kalamu kwenye karatasi ya chupa, kwa kuwa hata iliyofunguliwa ina wiki zake.

Kutia tone nako nilijifunza upya, nikiwa na zaidi ya miaka 50. Nanawa mikono. Naketi kwenye kiti cha barazani, naegemeza kichwa nyuma, navuta kope ya chini kwa kidole hadi ifanye kama kifuko, naachia tone moja bila ncha ya chupa kugusa jicho. Kisha nafumba bila kukaza, nabonyeza kwa ncha ya kidole ile kona ya ndani, pale mfupa wa pua unapoanzia, ili kitundu kizibe, nakaa hivyo dakika mbili au zaidi. Mwanzoni nilikuwa nabonyeza juu mno, kwenye kope, na uchungu ukaendelea kuja kooni; nilipoteremka nusu ya upana wa kidole, uchungu ukakoma asubuhi ileile. Sijapata kipimo kingine cha nyumbani kizuri kuliko hicho. Chupa sasa inanitosha mwezi wake, na yule mwenye duka nilimwomba radhi.

Yapo mawili yaliyotokea baadaye. Dereva mmoja, rafiki yangu wa miaka mingi, alifika ofisini macho mekundu kwa vumbi na kukesha, akaiona chupa mezani, akasema, “Kaka, nipe tone moja tu nifike Kampala.” Nilikuwa nimekwisha kuinyosha mkononi nilipomsikia akikohoa kile kikohozi chake, nikakumbuka kile kichupa cha kuvuta pumzi anachokiweka juu ya dashibodi. Nikaifunga. Alinuna, akasema utajiri wa dawa umeniingia kichwani, na hata nilipomweleza habari ya pumu hakuniamini mpaka alipoulizia huko alikokwenda.

La pili ni la dada yangu anayeishi Mbale. Niliwasihi ndugu zangu wote wakapimwe macho, wakaenda wawili kati ya wanne. Yeye alikutwa na glakoma changa, uoni wake bado mzima, akaanzishiwa timololi. Juma lililopita alinipigia simu asubuhi na mapema.

“Kaka, mbona nikitia hii dawa nasikia kama shubiri kooni?”

Nilimweleza pa kubonyeza, akajaribu huku simu ikiwa sikioni, akasema anahisi mfupa tu. Nikamwambia ateremke kidogo. Kisha nikakumbuka kwamba ana kisukari, na kwamba kizuia beta kinaweza kumfichia yale mapigo ya moyo yanayomwarifu kuwa sukari imeshuka mno, likabaki jasho peke yake la kumwonya. Nikamwuliza kama daktari wa macho anajua dawa zake za sukari. Akanyamaza kidogo, akasema hilo ni daftari jingine, liko kabatini. Nikamwambia alilete karibu. Nilisikia mlango wa kabati ukilia, kisha karatasi zikifunuliwa, akaanza kunisomea majina ya vidonge vyake herufi kwa herufi, nami nikawa naandika.